Mkoba Wangu Umekuwa Mzito

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeonyeshwa sidiria ya Glenda Faye. Ofisini! Asubuhi, kabla hata sijanywa kahawa!

Nianze mwanzo. Royce, bosi wetu, yule anayevaa buti za kuchungia ng'ombe ilhali hana hata mbuzi, alituita wote mkutanoni. Wote maana yake madalali wanne wa nyumba na birika la kahawa. Hakuwa na mzaha. Alisema Ijumaa, wilaya ya jirani, dalali mwenzetu alikuwa akimwonyesha mteja nyumba tupu. Mteja akafunga mlango nyuma yake. Yule dada alitorokea dirishani, mkono umevunjika, ila yu hai. Mtu mwenyewe hajakamatwa.

Kila mmoja wetu alikuwa anaziwaza nyumba zake. Maana kazi yetu ndiyo hiyo hiyo: unakutana na mtu usiyemjua, kwenye nyumba isiyo na watu, na unamfungulia mlango ukitabasamu.

Royce akasema kuanzia leo hakuna kwenda mikono mitupu. Ama muende wawili wawili, ama muende na silaha. Nikamuuliza hao wawili wawili watatoka wapi, na sisi wanne tuna nyumba kila kona ya wilaya. Akasema, basi Wanetta, umeshajijibu mwenyewe.

Hapo ndipo Glenda Faye, dalali mwenzangu, akafungua vifungo viwili vya blauzi. Bastola! Kadogo, kamening'inia katikati ya sidiria, kwenye ala yake maalumu. Eti anatembea nayo tangu mwaka juzi. Mwaka juzi! Nimemkumbatia huyu mwanamke Krismasi mbili nzima. Royce alitazama dari kama mtu anayetafuta uvujaji.

Mimi nimeuza nyumba zaidi ya miaka ishirini na silaha moja tu: biskuti. Nikiingia nyumba tupu, kabla ya taa, kabla ya mapazia, nawasha oveni. Mkono unajiendea wenyewe siku hizi. Harufu ya mdalasini inauza nyumba kuliko bwawa la kuogelea. Sasa wanataka nichanganye mdalasini na risasi.

Sijui. Naogopa, na sipendi kuogopa. Nilidhani ukishapita miaka sitini unaachiwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia Virgil. Nilisubiri mpaka apake siagi kwenye mkate wake wa mahindi, maana mume wangu husikia vizuri zaidi akiwa na mkate mkononi. Ana bunduki zake za kuwindia kulungu kwenye kabati lenye kufuli, na tulipokuwa wachumba ndiye aliyenifundisha kulenga chupa. Nilidhani atafurahi.

Akatafuna. Akauliza, "Bibie, miwani yako iko wapi?"

Nikasema sijui, naitafuta tangu asubuhi.

"Iko kichwani."

Akachota maharage, akaendelea. Alisema bunduki ya kulungu inalala kabatini, lakini hiyo ninayoitaka mimi itatembea nami kila mahali. Na ananipenda, lakini mwezi uliopita alizikuta funguo za gari kwenye friza, ndani ya mfuko wa njegere.

Ni kweli. Niliziweka hapo ili nisizisahau. Nilikuwa na mpango wa kula njegere.

Nikamwambia kufungiwa kwenye nyumba ya watu na mwanamume usiyemjua si suala la njegere. Akaacha kutafuna. Akasema anajua. Akasema atakuwa ananisindikiza. Anisindikize! Na goti lile? Na mdomo ule? Mara ya mwisho alipokuja kazini kwangu aliwaambia wanunuzi kuwa bomba la maji machafu limeingia mizizi ya mti. (Lilikuwa limeingia. Lakini hayo si ya kuwaambia wanunuzi!)

Alhamisi, 6 Machi

Mikono bado ya baridi.

Leo nimemwonyesha mtu nyumba ya Mtaa wa Pekani, ile ya mwalimu mstaafu aliyehamia kwa binti yake. Mteja anaitwa Thurman Beck. Pande la mtu. Ndevu, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, pikapu ya kijivu. Hakuuliza paa lina miaka mingapi. Hakuuliza shule wala kodi. Alitoa futi ya kupimia, akaanza kupima milango. Milango!

Kisha maswali. Lile handaki la kujikinga na kimbunga, uani, lina kufuli? Majirani wa hapa, kelele za ndani zinawafikia? Na la mwisho, ameshika kitasa cha chumba cha nyuma: "Samahani mama, mlango huu unaweza kufungwa kwa nje, aliyemo asitoke?"

Nikasema ngoja nikaulize. Nikamuulize nani? Nyumba tupu! Miguu ilishanifikisha barazani kabla sijamaliza sentensi. Nilisimama kwenye majani, funguo zimechomoza katikati ya vidole, nikijifanya nimependa sana mti wa jirani. Akatoka taratibu. Akashukuru. Akasema nyumba ameipenda, atarudi. Akanifungulia mlango wa gari langu mwenyewe. Adabu ile ndiyo iliyonitisha kuliko vyote.

Virgil aliponiuliza siku ilikuwaje nikasema nzuri. Kisha nikaenda kuoga kwa maji ya moto hadi maji ya moto yakaisha.

Nimempigia Glenda Faye. Jumamosi tunaenda dukani.

Jumamosi, 8 Machi

Muuza bastola ana kitambi na sauti ya mtangazaji wa redio. Aliniita mrembo. Kisha akanipeleka moja kwa moja kwenye kabati la za rangi ya waridi.

Zote za waridi! Moja ina hadi vipepeo. Nikamuuliza kama jambazi akipigwa na bastola ya waridi anakufa haraka zaidi. Akacheka, akasema wanawake wengi hupenda iendane na mkoba. Glenda Faye akanikanyaga mguu, maana yake ndiyo ya vipepeo.

Nikachukua nyeusi. Ndogo, baridi, nzito kuliko inavyoonekana. Hapa kwetu Oklahoma hawadai hata kibali cha kuibeba. Walikagua jina langu, likatoka safi, nikaondoka nayo kabla ya chakula cha mchana. Kadi ya maktaba ilinisumbua zaidi.

Ala ya kwenye sidiria nimekataa. Nimemwambia Glenda Faye kifua changu kina kazi za kutosha. Nimenunua mkoba wenye mfuko wa siri pembeni, wa zipu.

Lakini kununua si kubeba. Naandika hapa ili nijikumbushe: nimenunua tu. Uamuzi bado. Kwa sasa inalala kwenye droo ya cherehani, chini ya vitambaa.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani wakati wa kusalimiana sisi hukumbatiana. Wote, safu hadi safu, tangu nikiwa mtoto. Leo kwa mara ya kwanza nimekumbatia nikiwa na akili nyingine: nani kabeba, na wapi.

Ndugu Hollis, fundi bomba: kiunoni, kulia. Dada Ramona wa kwaya: kwapani! Mzee anayepitisha kapu la sadaka: mgongoni, chini ya koti, ndiyo maana miaka yote nilidhani ana kibiongo. Mke wa mchungaji alinikumbatia kwa bega moja tu, mkoba ameubana, nami nikamtazama usoni, naye akanitazama, na tukaelewana.

Kisha tukakaa, tukaimba habari za amani. Niliimba huku nikijumlisha. Mtu angepiga chafya kwa nguvu leo, tungezikana wote kwa zamu.

Ajabu ni kwamba mimi, niliyeiacha yangu kwenye droo, nilijiona uchi. Sikuwahi kujiona uchi kanisani. Wiki iliyopita watu walikuwa hawa hawa, na viuno hivi hivi, na nililala nusu ya mahubiri bila wasiwasi.

Kwenye chakula cha pamoja nilipeleka viazi. Vimeisha. Hilo angalau.

Jumatano, 12 Machi

Uwanja wa shabaha, mimi na Glenda Faye.

Risasi ya tatu, ganda la moto likaruka, likaingia kifuani kwangu. Nilicheza! Nilicheza ngoma ambayo haijatungwa! Mwalimu anapiga kelele: mbele, elekeza mbele! Nikaelekeza mbele huku nakata viuno. Glenda Faye alicheka hadi akakaa chini.

Shabaha ni mtu wa karatasi. Kwanza nilimpiga sikio. Kisha nikampiga mtu wa karatasi wa mteja wa jirani. Kisha mikono ikatulia, nikaanza kumpiga kifuani, moja baada ya nyingine, sehemu ile ile.

Nilipenda. Naweza kuandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: nilipenda sana. Yule wa karatasi hakuwa na uso, nami nikampa. Nilimpa ndevu na kofia.

Wakati wa kuondoka mwalimu akatuuliza kila mmoja: je, mtu halisi, mwenye pumzi, utampiga? Akasema kama hujui, iache nyumbani. Glenda Faye akajibu ndiyo hata kabla swali halijaisha. Mimi nikasema najifikiria. Akasema mama, mwenye kukujia hatakungoja ujifikirie. Nimekasirika, maana ni kweli na maana ameniita mama mbele ya watu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeibeba. Siku ya kwanza. Bega la kushoto limeshuka, natembea kama niliyebeba ndoo.

Supamaketi nilitafuta kuponi ya punguzo la sabuni, nikavuta zipu siyo. Ikachungulia. Mtunza fedha ameiona! Nikaganda. Yule binti akaitazama, akasema ana kama hiyo, ila yake ina vipepeo. Kisha akaniuliza kama nataka mfuko.

Kila mwanamume mwenye kofia ninamwona Beck. Na mji huu hauna mwanamume asiye na kofia. Mleta vifurushi alipogonga mlango niliruka, mkono ukaingia mkobani wenyewe. Alikuwa ameleta soksi za Virgil. Nimesaini kuzipokea huku jasho linanitoka.

Virgil ameutazama mkoba, akauliza kama una mimba. Nikamwambia ukweli: nimenunua. Sikumwambia sababu. Hakugomba. Ningependa agombe. Akaniuliza tu, wateja wako huja na watoto, na watoto hupekua, itakuwaje?

Nikasema nitaificha mahali ambapo hakuna mtu atakayeiona.

Akasema, "Hata wewe mwenyewe."

Nimelala nimegeukia ukuta.

Jumanne, 18 Machi

Beck amepiga simu. Sauti ya chini, ya pole pole. Anataka kuja Mtaa wa Pekani Jumapili, siku ya nyumba wazi, yeyote anapoingia kuitazama. Lakini baada ya wageni wengine kuondoka. Nikauliza kwa nini baada ya wengine. Akasema itakuwa vizuri kukiwa na utulivu, hakuna watu. Na kwamba hatakuja peke yake.

Hatakuja peke yake!

Nimemwomba Glenda Faye aje. Ana sherehe ya mjukuu, amesema nisiogope, nimfyatulie tu. Royce naye amesema mtu huyo akiinunua nitakuwa na bahati sana, nyumba ile imekaa sokoni tangu msimu wa maboga, Oktoba.

Jumatano, 19 Machi

Upepo. Mkoba uko kwenye kiti. Mimi niko kwenye kiti kingine. Tunatazamana.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemwambia Virgil habari za Beck. Milango, handaki, kufuli la nje, vyote. Nilidhani atasema nimeota. Uso wake ulibadilika rangi. Alisema kesho anakuja, goti au si goti. Nikasema hapana. Akasema ndiyo. Nikasema Virgil, nikisindikizwa kesho nitasindikizwa hadi kufa. Nataka kujua kama bado naweza kumfungulia mtu mlango. Kama siwezi, naacha kazi. Na kama naweza tu nikiwa na kitu mkobani, basi nijue hilo pia.

Tumeafikiana: atakaa karibu na simu. Nami nimeahidi. Kesho ndiyo itaamua. Nikirudi nikishukuru kuwa nilikuwa nayo, inabaki na hakuna tena kejeli za miwani. Nikirudi na sikuihitaji, Jumatatu naipeleka kwa yule mwenye kitambi.

Amenishika mkono mezani. Mkono wake ulinuka grisi na siagi. Nimelia kidogo, kisha nimekanda unga wa biskuti wa kesho.

Jumapili, 23 Machi

Naandika nikiwa nimekaa chini, nyuma ya tairi la mbele la pikapu ya Thurman Beck. Naandika ili mkono ushughulike. Wenzangu hapa wanadhani ni karatasi za ofisi.

Kwa mpangilio, Wanetta. Kwa mpangilio.

Wageni wa mchana walikuwa familia moja yenye watoto wa kila ukubwa. Wazazi wanatazama sakafu, watoto wanafungua kila kinachofunguka. Kabati, droo, sanduku la fyuzi! Nikageuka nikakakuta kadogo kao, kana peremende mdomoni, kamekalia mkoba wangu, vidole viko kwenye zipu ya pembeni. Nikachukua mkoba huku nacheka kicheko cha bandia, nikaingia nao jikoni. Nifiche wapi? Droo wanafungua. Kabati wanafungua. Oveni imeshapoa tangu biskuti za asubuhi; ya baridi nani anafungua? Nikaitoa bastola, nikaiviringisha kwenye kitambaa cha vyombo, nikaiweka ndani, nyuma kabisa. Mpaka hawa waondoke, nikajiambia. Dakika chache tu.

Wakaondoka. Nyumba ikawa tupu. Nikasimama sebuleni nikisikiliza saa yangu ya mkononi. Kisha nikasikia pikapu.

Na mkono wangu. Mkono huu huu ninaoandikia! Uliona nyumba tupu na mteja anakuja, ukaenda kwenye jiko, ukazungusha kitasa cha kuwashia oveni. Harufu inauza nyumba. Sikuwaza hata kidogo. Kisha nikauning'iniza mkoba begani nikasimama mlangoni, jasiri, tayari kwa lolote. Ulikuwa mwepesi. Sikugundua.

Thurman Beck alipanda ngazi taratibu sana. Ni kwa sababu alikuwa amemshika mkono bibi mmoja mdogo, gauni la kanisani, miguuni ndara za manyoya. Akasema, "Bi Wanetta, huyu ni mama yangu, Lavada. Mama, msalimie mwenyeji wetu." Bibi akaniambia nina uso mzuri ila nimekonda. Hakuna mtu amewahi kuniambia nimekonda. Kisha akaanza kuimba tenzi, kwa sauti ya kuvunja vioo, na kuingia ndani akiimba.

Thurman akaomba radhi. Ndiyo maana aliuliza habari za majirani: mama huimba wakati wowote ule, na huko wanakokaa sasa wanagonga ukuta. Watu wengi wakiwepo anachanganyikiwa, ndiyo maana alitaka utulivu. Milango alipima kwa ajili ya kiti cha magurudumu, ambacho mama atakihitaji karibuni. Handaki, kwa sababu king'ora cha kimbunga kikilia anaweza kuteremka na kujifungia. Na kufuli la nje... hapo alishusha sauti. Mama hutoka. Kipindi cha baridi kilichopita walimkuta barabara kuu, na gauni la kulalia, anatafuta duka lililobomolewa zamani. Alisema hataki kumfungia mama yake. Anatafuta tu nyumba ambayo hatampoteza.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikasema jamani, karibuni, karibuni sana, na nikamaanisha kuliko nilivyowahi kumaanisha. Nilisahau woga. Nilisahau kila kitu. Nilimwonyesha chumba cha jua, nikamwambia hata habari za mizizi kwenye bomba la hapa. Virgil angejivunia.

Bi Lavada alikuwa ametutangulia jikoni. Tukamsikia ameacha kuimba. "Mwanangu," akasema, "kuna kitu kinaungua, na si biskuti."

Harufu haikuwa ya mdalasini. Ilikuwa ya kitambaa. Na mkono wake ulikuwa unaelekea kwenye mpini wa oveni.

Sikumbuki nilichosema. Thurman anasema nilipiga kelele neno "bastola" na neno "samahani" kwa pamoja. Alimbeba mama yake kama mto, tukatoka, tukavuka mtaa, akatuweka hapa, upande wa injini. Alisema kichwa chini. Hakuuliza kitu. Mtu mkubwa namna ile, amejitandaza mbele yetu sote wawili.

Zimamoto wa kujitolea wamekuja: Ndugu Hollis na mwenzake. Kofia ya zimamoto kichwani, na bastola yake bado iko kiunoni, kulia, naiona hapa nilipo. Amezunguka nje akakata umeme ukutani. Alikuwa anarudi ndipo iliposikika. Paa! Moja tu. Kioo cha mlango wa oveni kikapasuka, na kitu kingine. Hollis amechungulia dirishani kutoka mbali, akasema imeingia kwenye mashine ya kuoshea vyombo.

Basi risasi yangu ya kwanza ya kujihami imeua mashine ya kuoshea vyombo.

Nyingine bado zimo. Hollis amesema hakuna anayesogea mpaka oveni ipoe, na kupoa kuna muda wake. Ameuliza kwa redio kama wenzake wamewahi kuona hii. Wamesema ndiyo, zaidi ya mara moja. Imenipa faraja ambayo sistahili.

Nimempigia Virgil. Nilifika kwenye neno "oveni". Akauliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Akasema anakuja, nisiguse kitu chochote chenye kitasa.

Royce sijampigia.

Bi Lavada amekalia sanduku la zana, ndara zake zimechafuka. Kila baada ya muda anamgeukia mwanawe: "Tunamkimbia nani, Thurman?" Naye anamjibu bila kuchoka, "Hakuna mtu, mama. Ni jiko tu limeharibika." Anatulia, anaimba ubeti, anasahau. "Tunamkimbia nani?"

Mwishowe Thurman akaniuliza mimi. Taratibu, bila lawama. Akasema mama, mtu kama wewe habebi kitu kama kile bila sababu. Kuna mtu alikutisha?

Nikasema ndiyo. Lilinitoka tu. Nikasema kuna mteja.

Ameshtuka. Kweli kabisa, kwa ajili yangu. Akasema pole sana, akasema siku hizi watu hawana haya, kumtisha mwanamke aliye kazini. Kisha nikaona wazo likimjia, na uso ukamkunjamana. Akauliza, "Huyo mtu ni wa mtaa huu? Nieleze anafananaje. Maana hapa ndipo nataka kumleta mama. Lazima nimjue."

Nimeinamia karatasi. Naandika haraka, najifanya fomu ni ndefu. Pikapu ya Virgil naiona inakata kona kule mwisho, haijafika.

Bi Lavada amenigusa goti. "Sema, binti, asikie. Tunamwogopa nani?"

Safari hii Thurman hajamjibu. Amevua kofia, jua limempiga usoni, ananitazama mimi, anangoja.